Salamu za Krismasi kwa wote wanaopanda Moshi

Bwana Yesu asifiwe ndugu, jamaa na marafiki. Mwaka ndo huo unaisha na kama kawaida yangu nimechelewa kutuma salamu, ila bora mimi, kuna wengine hawatumi kabisa na mnajijua.

Mwaka umekuwa mgumu jamani tusidanganyane. Mchele juu, mafuta juu, nauli ndo usiseme, ukifika Standi ya Magufuli wiki hii mpiga debe anakutajia bei kama vile unalinunua basi lenyewe. Ndo maana vijana wanajichanga wanajazana kwenye Noah, wanatoka Dar saa nne usiku, dereva katoka kazini hajalala hata kidogo, na njia nzima wanapost. Siwashangai. Ukiwa na miaka 22 unachoogopa ni kuikosa Krismasi nyumbani, kufa wala hakupo kwenye hesabu. Mi sasa hivi nina watoto wawili na mkopo wa vikoba, dereva akiovateki lori kabla ya Segera nakanyaga breki nikiwa siti ya nyuma.

Halafu cha ajabu bibi yetu, na umri wote ule, anateremka Marangu mpaka Himo kwa bodaboda na mkungu wa ndizi mapajani, ukimsema anakwambia "mimi wangu wote wameshaota ndevu, wewe ndo ushuke utembee." Kwa hiyo mi naona woga wa barabara sio miaka peke yake, ni nani bado anakusubiri umletee ugali.

Baba alikuwa anapiga simu kila kituo. Korogwe mmefika? Same je? Tulimzika mwezi wa nne. Juzi nimekata tiketi ya basi la alfajiri nikashika simu nimpigie nimwambie ni la mchana kweupe, afurahi.

Basi wadogo zangu nisikilizeni, uhai hauna spea, msimjaribu Bwana Mungu wenu kwa sababu ya elfu kumi ambayo mtaimaliza kwa bia chache tu. Dereva akisinzia mwambieni apaki, hata kama ni shemeji, hata kama atanuna. Na mikeka ya kubeti pia, ada ya Januari sio mtaji, nimesema!

Nawatakia Krismasi njema na heri ya Mwaka Mpya wenye afya, amani na baraka tele, Mungu atuvushe sote salama. Mchango wa mbuzi wa tarehe 26 mwisho Ijumaa, shemeji wa Arusha bado sijaona muamala wako.