Kaseti za Wazee Msizichome: Barua kwa Wana Wetu Mnaorudi Mlimani Desemba

Wanangu na wajukuu zangu wa Kibosho, Uru, Old Moshi, Machame, Marangu na Rombo, huku mlimani Kilimanjaro,

Shikamoo zenu nimezipokea, na poleni na kazi za mijini. Desemba inakaribia. Mabasi yatajaa, magari yatapangana kuja Moshi, na wengi wenu mtafika na nia njema ya kutengeneza nyumba za wazee: rangi mpya, dari mpya, makochi ya zamani nje. Fanyeni, Mungu awabariki. Ila lile boksi la kaseti lililo juu ya kabati, naomba lisifike kwenye moto wa takataka nyuma ya migomba. Nimeshaona, baada ya sikukuu, utepe wa kaseti umetandazwa juu ya masale, ile mimea yetu ya mpakani, kando ya njia, mita kwa mita, na watoto wanauvuta wakicheza. Moyo uliniuma, na ndiyo maana naandika.

Mimi ni wa kizazi kilichopenda redio kupita kiasi. Usiku, masafa ya kati yanapofika mbali, tulikuwa tunazungusha kitufe polepole: Radio Tanzania Dar es Salaam, kisha Sauti ya Kenya iliyoingia safi kuliko ya nyumbani, kisha kwenye masafa mafupi BBC, iliyokuwa ikitangaza kwa Kiswahili tangu 1957. Sauti ya Injili ilitufikia kutoka Addis Ababa hadi ilipotaifishwa 1977, na vipindi vyake vya Kiswahili vilikuwa vikitayarishwa hapa hapa Moshi. Betri zikichoka tulizianika juani juu ya bati, zikatupa jioni moja zaidi. Mama alijua kabisa zile hela za sukari zimekwenda wapi.

Philips walitoa kaseti ya kwanza mwaka 1963, lakini kihambani kwetu, yaani huku kwenye mashamba ya nyumbani, ilichelewa. Ililetwa na waliofanya kazi Nairobi au kiwanda cha sukari cha TPC. Tulipoipata, hatukulala. Tulirekodi salamu, mpira, taarifa ya habari, na tukajirekodi wenyewe tukisoma habari za ng'ombe wa jirani kwa sauti ya mtangazaji wa taifa. Karibu kila kijiji cha mlimani kilikuwa na kijana wa namna hiyo, na huenda huyo kijana ndiye baba yako ambaye leo hata simu hapendi kuongea.

Sasa sikilizeni ni kwa nini naweka uzito hapa. Mkifungua boksi mtaona kaseti imeandikwa "Taarifa ya habari" au "Nyimbo", mtasema haya mambo yako mtandaoni. Pengine yako. Lakini wengi wetu tulirekodi kwa kuweka kinasa sauti mbele ya spika ya redio, bila waya wowote, kwa hiyo maikrofoni ilichukua chumba kizima.

Ninayo kaseti ya tarehe 12 Aprili 1984. Mwalimu Nyerere anatangaza mwenyewe kwamba Waziri Mkuu Edward Sokoine, mtoto wa Monduli, amefariki kwa ajali ya gari kule Morogoro. Inafuata nyimbo ya maombolezo. Chini ya ile nyimbo unasikia kiti kinaburutwa. Baba anamuuliza mama kwa Kichaga kama amesikia sawasawa. Mama hajibu swali, anasema tu "Ruwa", yaani Mungu, anarudia "Ruwa". Kisha mlango unafunguka, na baba anamwita jirani aliye ng'ambo ya mfongo, ule mfereji wa maji, kwa ile sauti ndefu ya kuita mtu mbali ambayo siku hizi, kwa sababu ya simu, hakuna anayeitumia. Tangazo la Mwalimu lilisikika nchi nzima. Mama yangu yuko kwenye utepe huo tu.

Na kile Kichaga! Wengi wenu mnajua kusalimia na kuomba chakula. Humo kwenye kaseti kuna watu wanabishana zamu ya maji ya mfongo, wanabembeleza mtoto, wanakataa posa. Huko shuleni hawakufundishi.

Kwa hiyo mkihamishia kaseti kwenye kompyuta, msikate kitu. Programu za siku hizi zina kitufe cha kuondoa kelele, na najua mkono utawawasha. Kelele mnayotaka kuondoa ni mvua juu ya bati na shangazi yenu akiosha vyombo. Toeni kwanza nakala nzima, upande A na upande B, tangu utepe unapoanza hadi unapogonga mwisho, hata pale panapoonekana kimya. Hiyo iwekeni kando isiguswe. Mkitaka kusafisha, safisheni nakala ya nakala.

Kabla ya kucheza chochote, itazame kaseti kwenye mwanga wa dirisha. Masika ya huku mlimani ni marefu na nyumba zina unyevu. Ukiona unga mweupe ukingoni mwa utepe, huo ni ukungu: usiicheze, utachafua mashine na kuambukiza kaseti nyingine. Itenge kwenye mfuko wake, mpe fundi anayejua. Angalia pia kisponji kidogo kilicho katikati ya mdomo wa kaseti. Gundi yake huisha, kikidondoka sauti hufifia kana kwamba mtu anaongea akiwa chumba cha pili. Kaseti yenye skrubu hufunguliwa na utepe ukahamishiwa kwenye ganda zima. Zile za dakika 120 zishikeni kwa upole zaidi, utepe wake ni mwembamba sana, msizikimbize mbele na nyuma. Na vile vijino viwili mgongoni, kama havijavunjwa, vivunjeni leo hii, ili asitokee mtoto akabonyeza kitufe chekundu cha kurekodi.

Mashine tafuteni ya zamani iliyo nzima. Mafundi redio bado wapo mjini, ulizeni pande za Mbuyuni. Hedi, ile sehemu ya mashine inayosoma utepe, ifutwe kwa pamba na spiriti. Vicheza kaseti vipya vya bei rahisi vyenye waya wa USB mara nyingi kasi yake huyumba. Unganisheni kwa waya kutoka tundu la spika za masikioni hadi kwenye kompyuta. Programu ya kurekodi iitwayo Audacity ni ya bure na inatosha. Hifadhini kwa WAV, aina ya faili isiyobana sauti, saa moja ni kama MB 600, si nyingi kwa flashi za leo. MP3 ya kutumiana itatoka baadaye.

Jambo moja litawashangaza: sauti za wazee kuwa nyembamba na za haraka. Hawakuwa wakiongea hivyo. Betri zilikuwa zimechoka siku ya kurekodi, mota ikaenda polepole, sasa kwenye mashine yenye nguvu kila kitu kinakimbia. Inarekebishika. Kama humo mna ile milio sita ya saa ya BBC, mlio wake ni mitetemo 1000 kwa sekunde. Kompyuta ikionyesha 1100, mnajua kasi imezidi kwa asilimia 10, irudisheni. Kama nyumba ilikuwa na umeme, tafuteni mvumo wake kwa chini. Wa kwetu ni mitetemo 50 kwa sekunde. Baba akirudi kwenye sauti yake halisi, mtamtambua mara moja.

Lakini kompyuta haitawaambia anayekohoa ni nani. Hilo analijua bibi, na shangazi, na yule mzee jirani mnayempita getini mkiwahi misa. Kaeni nao huku kaseti ikicheza, mwandike papo hapo: nani, nyumba gani, mwaka gani. Wanaoweza kuzitaja sauti hizi wanapungua kila msimu, na kipindi cha sikukuu ndicho pekee mnachokuwa wote nyumbani.

Mkikutana na ugomvi wa watu wazima, au siri, nyamazeni nayo hadi wahusika au watoto wao waseme. Na msirushe sauti ya marehemu kwenye kundi la ukoo kabla mjane wake hajaisikia kwanza, akiwa amekaa, na mtu karibu yake. Nyimbo za wanamuziki zilizomo zibaki za kusikiliza nyumbani, zina wenyewe.

Nina redio kaseti mbili zinazofanya kazi, kalamu za kurudishia utepe, na subira. Kuanzia tarehe 27 Desemba nipo nyumbani kila mchana. Njooni na kaseti zenu, na mkiweza njooni na bibi zenu pia.

Mzee wenu,
Old Moshi