Barua kwa mwanangu kabla ya msimu kuanza

Mombasa, Agosti 2025

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Sisi hatujambo, na nyanyako amepata nafuu. Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu kila nikikuuliza habari ya kichwa chako unanijibu habari ya mvua, na msimu wenu umekaribia kuanza. Binamu yako aliyeko Columbus, hukohuko Marekani, ametueleza kwamba katika mechi moja ya mwaka jana uligongwa ukaanguka, ukainuka huku ukiyumba, kisha ukaendelea kucheza hadi mwisho bila kumwambia daktari wa timu. Ulikuwa nyumbani Julai yote, ukila nasi sinia moja, wala hukulitamka hilo.

Najua utakavyojitetea. Utasema kwamba futiboli ya Kimarekani ya vyuo ina mechi 12 tu za kawaida kwa msimu, na kwamba anayekosa mbili hukuta nafasi yake ina mwenyewe. Mchezo huo sikuwa nikiuelewa, lakini nimejifunza kwa kuwa umo ndani yake, na Januari mimi na babako tuliamka saa tisa na nusu usiku kutazama fainali ya vyuo kutoka Atlanta, timu ya chuo cha Ohio State ilipowashinda wenzao wa Notre Dame 34 kwa 23. Uliutaja msimu wao mara nyingi kama mfano wa ushujaa, basi nami nakuomba uutazame tena. Oktoba walishindwa na Oregon kwa pointi moja, 32 kwa 31. Tarehe 30 Novemba wakashindwa nyumbani na Michigan, mahasimu wao wa tangu zamani, 13 kwa 10, na mashabiki wengi wakataka kocha Ryan Day aondolewe. Kwa kuwa huo ulikuwa mwaka wa kwanza wa mchujo wa timu 12 badala ya 4, waliingia wakiwa wa nane, wakawatoa Tennessee, wakawalipiza Oregon 41 kwa 21 pale Pasadena, wakawashinda Texas, kisha wakatwaa ubingwa. Timu iliyoshindwa mara mbili imeonekana bingwa. Itakuwaje mchezaji aliyepumzika wiki mbili ahesabiwe amekwisha?

Tena mtazame Josh Simmons, aliyekuwa akimkinga mrusha mpira wao upande wa kushoto. Aliumia goti katika mechi ile ya Oktoba, hakucheza tena msimu ule, na bado Aprili iliyofuata Kansas City Chiefs, timu ya kulipwa, walimchagua katika raundi ya kwanza ya kuchukua wachezaji wapya. Goti lake kila mtu aliliona, hakuweza kulificha. Kichwa hufichika, mwanangu, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston walitangaza matokeo ya kuchunguza bongo za marehemu waliowahi kucheza futiboli. Kati ya 53 za watu walioishia kiwango cha chuo, 48 zilikuwa na ule ugonjwa unaoletwa na kugongwagongwa kichwa kwa miaka mingi, ambao huharibu kumbukumbu na tabia, na ambao mpaka leo huthibitishwa baada ya mtu kufa. Ni kweli kwamba bongo zile zilitolewa na familia ambazo nyingi tayari zilikuwa na wasiwasi, kwa hiyo hesabu hiyo haiwahusu wachezaji wote, nami sitaki kukutisha kwa uongo. Lakini wanasema pia kwamba hata mapigo madogo yasiyomwangusha mtu hujilimbikiza. Ohio State walicheza mechi 16 msimu ule, nao ni wanafunzi wenye mitihani. Mchujo unaowapa nafasi nyingine ya kushinda ndio huohuo unaowaongezea mapigo.

Sheria za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko, ziko upande wako: mchezaji aliyepatikana na mtikisiko wa ubongo harudi uwanjani siku hiyo, na kauli ya mwisho ni ya daktari, si ya kocha. Lakini daktari atajuaje ikiwa mgonjwa mwenyewe ananyamaza? Ukiona mwanga unakuumiza macho, ukisahau maneno, ukihisi kichefuchefu, sema papo hapo. Sema hata kama ni robo ya mwisho, na hata kama umebaki peke yako katika nafasi yako. Hapa nyumbani uliporudi kutoka raga na damu puani babako alikuita simba, nami nilikuwa nimekaa palepale nikicheka, kwa hiyo sishangai ulikojifunzia kunyamaza.

Usidhani sioni fahari. Majirani wamechoka kunisikia, na nilipopata matokeo yako ya hesabu niliyasoma kwa sauti mbele ya nyanyako. Ila ulinivunja moyo ulipomwambia dada yako kwamba utavumilia chochote mpaka mabati ya nyumba yabadilishwe. Hatukukutuma huko kwa ajili ya mabati. Tangu Julai vyuo vimeruhusiwa kuwalipa wachezaji, hadi dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka huu wa kwanza, lakini wewe una viza ya mwanafunzi, na malipo hayo yanaweza kukuharibia. Usitie saini karatasi yoyote kabla ya kuuliza ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Upande wa jikoni unavuja tu mvua ikija na upepo, na fundi amekubali kulipwa kidogo kidogo.

Harusi ya dada yako imepangwa Desemba, msimu wenu wa kawaida ukiwa umemalizika. Mjomba wako amejitolea kuchangia tiketi, kwa hiyo ulizia mapema tarehe za mitihani. Nitumie vipimo vya mabega yako, maana fundi wa kanzu anasema vya mwaka juzi havikufai tena. Na katika barua hiyohiyo niandikie, kwa kirefu, siku ile ulipogongwa ilikuwaje, na ni siku ngapi kichwa kiliuma baadaye. Babako naye anasubiri kuisoma.

Mamako