Wangari Maathai hakujiondoa mwaka 1997, andikeni hivyo

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu tangu nikiwa mwalimu kijana na sijawahi kuwaandikia, hata siku mliponiudhi. Lakini ile ripoti yenu ya Jumapili kuhusu wawaniaji urais wa vyama vidogo imenikera hadi nimeshindwa kunyamaza. Mwandishi wenu ameorodhesha watu waliowahi kuisaka Ikulu bila matumaini, na katikati ya orodha hiyo, baina ya wasaka sifa na wasaka vyeo, akamweka Profesa Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira aliyeanzisha Green Belt, vuguvugu la akina mama wa kupanda miti. Chini ya picha yake mkaandika: kura 4,246. Basi. Msomaji wa rika la mjukuu wangu ataiona hesabu hiyo na kuamini kwamba Wakenya walimsikiliza mama huyu, wakampima, wakamkataa.

Hawakupewa nafasi ya kumsikiliza. Aliingia kinyang'anyiro cha urais Novemba 1997, uchaguzi ukiwa Desemba 29, kwa tiketi ya Liberal Party, chama ambacho huku vijijini wengi hawakuwa hata wamekisikia. Mbele yake kulikuwa na Rais Moi mwenye dola mkononi, na wapinzani kina Kibaki, Raila, Wamalwa na Ngilu, kila mmoja akiwa na ngome yake. Alipotaka kuzungumzia misitu, maji na ardhi ya umma inayonyakuliwa, magazeti yalimuuliza kwa nini asibaki na miche yake na kuwaachia wengine siasa. Halafu, siku yenyewe ya kupiga kura, ukachapishwa uvumi kwamba amejiondoa na kumuunga mkono mwaniaji mwingine. Haikuwa kweli. Jina lake lilikuwa kwenye karatasi ya kura na alikuwa angali anagombea. Jambo hili lenye uzito kuliko yote ndilo ripoti yenu imeliruka.

Mimi nilikuwepo. Asubuhi ile nilikuwa kwenye foleni hapa Nyeri pamoja na dada yangu mkubwa, sote matope hadi magotini. Ilikuwa ile mvua ya El Niño, mtaikumbuka: madaraja yalibebwa na maji, vifaa vya kura vikachelewa kufika, na sehemu nyingi za nchi upigaji kura ukasongezwa hadi siku ya pili. Dada yangu alikuwa mmoja wa akina mama wa Green Belt waliokuwa na kitalu cha miche kando ya mto, wakilipwa pesa kidogo kwa kila mche ulioshika. Hakuwa mtu wa siasa. Hakuwahi kwenda mkutano wa kampeni wala kupokea fulana ya mtu. Lakini mwaka ule alikuwa ameamua, na aliwaambia watu wazi: kura yangu ni ya Wangari, kwa sababu ndiye aliyenifundisha kwamba mto wetu unapungua kwa sababu ya mlima kunyolewa. Tukiwa karibu na mlango, kijana mmoja akapita na gazeti akitangaza kwa sauti kwamba Wangari ametoka. Watu wakacheka. Dada yangu akamsimamisha, akataka aonyeshwe mahali palipoandikwa, akaonyeshwa. Hakusema neno. Aliingia chumbani akampigia mtu mwingine, mtu ambaye hakumtaka, kwa kuwa alikataa kuipoteza kura baada ya kusimama kwenye mvua tangu alfajiri. Matokeo yalipotangazwa na kusikia kwamba Wangari naye amepata kura, alinitazama kwa namna ambayo sitaisahau. Aliondoka duniani akiwa bado na hasira hiyo. Na wako wangapi walioambiwa hivyohivyo, kwenye foleni za Murang'a, Nakuru na Kirinyaga? Hakuna anayejua, na hatutajua kamwe. Kwa hiyo mnapoiweka hiyo 4,246 peke yake chini ya picha yake, bila kusema kwamba magazeti yenyewe yalimtoa kwenye karatasi kabla wananchi hawajafika sandukuni, mnamrudia kosa lile lile, na safari hii hawezi kuwajibu.

Na tumhesabu basi kwa kazi yake, maana mwandishi wenu anapenda hesabu. Mwaka 1989 watawala walitaka kujenga jumba la orofa 60 ndani ya Uhuru Park, bustani ya umma jijini Nairobi. Alisimama peke yake akaandika barua, akatukanwa bungeni, akasimangwa kwa kuachika na mumewe kana kwamba talaka ndiyo inayochora ramani za majengo. Wafadhili wakaondoka, jumba halikujengwa, na bustani hiyo ipo hadi leo. Januari 1999, mwaka mmoja tu baada ya hizo kura mnazozicheka, alikwenda kupanda miti Karura, msitu wa Nairobi uliokuwa umegawiwa watu binafsi, akapigwa na walinzi hadi kichwa kikatoka damu. Leo Karura imejaa wakimbiaji na wapanda baiskeli, na nadhani hata wahariri wamo. Mwaka 2002 watu wa Tetu, eneo bunge la hapa Nyeri, walimpeleka bungeni kwa asilimia 98 ya kura. Mwaka 2003 yeye na wenzake wakaanzisha chama cha mazingira hapa Kenya. Oktoba 2004 akatangazwa mshindi wa Nobeli ya Amani, mwanamke wa kwanza wa Afrika, na magazeti yote yakamweka ukurasa wa mbele kana kwamba yalikuwa naye tangu mwanzo. Lakini 2007 aliposhindwa kwenye mchujo wa PNU, chama cha Rais Kibaki, na kutetea kiti chake kwa tiketi ya chama kidogo, mkarudi palepale: mama wa miti, siasa si yake. Sifa mlimpa alipokuwa mshindi wa tuzo na alipofariki mwaka 2011. Alipoomba kura hamkumpa hata haki ya habari sahihi.

Ripoti yenu inatuonya pia kwamba mwaniaji wa mazingira hugawa kura na kumpa ushindi adui yake, ikataja Marekani mwaka 2000, ambako Ralph Nader wa chama cha Green alipata kura zaidi ya 97,000 jimboni Florida huku Bush akimshinda Gore hapo kwa kura 537. Sawa, huko ndivyo ilivyokuwa. Lakini hapa tuna Katiba ya 2010. Rais wetu ni lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Asipofikisha, tunarudi debeni kwa duru ya pili baina ya wawili walioongoza. Mtu anayewania kwa ajenda ya maji na misitu katika duru ya kwanza hamharibii yeyote kitu. Anawaonyesha hao wawili wakubwa ni kura ngapi watazikosa wasipomsikiliza. Inakuwaje mwandishi wa siasa wa gazeti la Kenya asilijue hilo na badala yake atuletee hofu ya Florida?

Nanyi wa vyombo vya habari mnawabagua hata kwenye midahalo. Mwaka 2022 mliwagawa wawaniaji kwa kura za maoni: aliye chini ya asilimia tano akazungumze mapema na wenzake wa chini, wakubwa waje baadaye. Mtu asiyeonekana atapandaje kwenye kura za maoni?

Kuna jingine linaloniuma kila kampeni ikija. Mabango. Hapa kwetu barabara nzima ya kwenda sokoni ina mikaratusi na migrevilea iliyopigiliwa misumari ya kila mgombea tangu wa udiwani hadi wa urais, bango juu ya bango, na uchaguzi ukiisha hakuna anayerudi kuing'oa misumari hiyo. Walewale ndio huja na kamera siku ya kupanda miti. Serikali ilitupa sikukuu nzima Novemba 13, 2023 tukapande, na Ikulu inaahidi miche bilioni 15 kufikia 2032, lakini miezi michache kabla ya sikukuu hiyo, Julai, serikali hiyohiyo ilikuwa imetangaza kuondoa marufuku ya ukataji miti misituni. Niliwauliza vijana waliopanda miche kando ya shule yetu siku ile ni nani atakayeimwagilia. Hakuna aliyekuwa amepewa kazi hiyo. Na Aprili iliyofuata, kule Mai Mahiu, maji yalishuka usiku yakafagia nyumba na makumi ya watu waliolala. Mnataka msiba gani mwingine ndipo mazingira yawe ajenda ya urais?

Basi naomba mambo matatu, na ninayaomba kwa dhati. Kwanza, chapisheni masahihisho, ukurasa uleule, picha ileile, mkieleza kwamba Profesa Maathai hakujiondoa mwaka 1997 na kwamba habari ya kujiondoa kwake ilichapishwa siku ya kura. Pili, kuanzia sasa hadi Agosti 2027, kila mwaniaji urais mnayemhoji, awe wa chama kikubwa au cha mfukoni, mumuulize swali moja kabla ya kumuuliza atakayekuwa naibu wake: kati ya misitu ya Mau, Aberdare, Mlima Kenya, Cherangani na Elgon, maji ya nyumbani kwako yanatoka wapi, na msitu huo utaufanyia nini mwaka wako wa kwanza? Majibu myapange sambamba, safu zenye urefu sawa, na anayekataa kujibu mwacheni na safu tupu yenye jina lake juu. Tatu, mgombea yeyote ambaye bango lake limepigiliwa kwenye mti, pigeni picha ya mti huo mkaichapishe pamoja na jina la barabara. Mimi mwenyewe niko tayari kuwatumia za kutoka hapa, na nitaanza wiki hii.

Mwalimu mstaafu,
Nyeri