Barua ya Wazi kwa Askofu Kiongozi wa Kanisa la Methodist: Madaftari Yetu Yanaozea Kabatini

Kwa Askofu Kiongozi,
Kanisa la Methodist nchini Kenya,
Nairobi.

Baba Askofu,

Nakusalimu katika jina la Bwana wetu Yesu Kristo. Nakuandikia nikiwa mshirika wa kanisa letu hapa Nairobi na mtu aliyefanya kazi ya ukutubi kwa miaka mingi. Jambo langu ni nyaraka za kale zilizobaki katika makanisa yetu: naomba ofisi yako iziokoe na kuzikusanya mahali ambapo zitatunzwa, zitaorodheshwa na kusomwa na kila anayezihitaji.

Mwaka jana nilikwenda katika kanisa moja la zamani, ambalo sitalitaja, kutafuta kumbukumbu ya ubatizo wa nyanya yangu. Mzee wa kanisa alinipokea vizuri, akanifungulia kabati la chuma lililosimama chini ya dirisha linalovuja. Ndani, chini ya vitambaa vya meza ya Bwana na mafungu ya bahasha za sadaka, palikuwa na daftari la ubatizo lenye jalada la ngozi lililopasuka mgongoni. Kila mstari ulikuwa na jina la mtoto, la baba, la mama, kijiji na tarehe. Kwa watu wazima, jina la kale lilitangulia na jipya likafuata, kwa wino uliokwisha kugeuka hudhurungi. Nilisoma kurasa kama thelathini. Zilizofuata zilikuwa zimegandamana kwa maji, na nilipojaribu kuinua mmoja kwa ncha ya kidole, ulimeguka, kipande chenye majina matatu kikabaki kidoleni. Nikalifunga daftari. Jina la nyanya sikulipata, na sijui pengine popote lilipoandikwa.

Barua za wamisionari, kwa upande wao, ziko salama. Nyaraka za Chama cha Wamisionari wa Methodist zimo katika maktaba ya SOAS, chuo cha masomo ya Asia na Afrika, London; kumbukumbu za John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, na wenzake zimo katika maktaba ya John Rylands, Manchester; na Wamethodisti wa Marekani wana hifadhi yao katika Chuo Kikuu cha Drew, New Jersey. Anayetaka kujua jinsi mmisionari Thomas Wakefield alivyofika pwani yetu mwaka 1862 na kazi ikaanzishwa Ribe, karibu na Mombasa, au jinsi mmisionari mwenzake Charles New alivyopanda Kilimanjaro hadi kwenye theluji mwaka 1871, hakosi pa kuanzia. Lakini barua hizo ziliandikiwa kamati za Uingereza zilizotoa fedha, nazo zilieleza yale ambayo kamati ilitaka kuyajua. Waliofundisha watoto kusoma chini ya miti, waliotafsiri mahubiri na akina mama waliokusanya mawe ya kujengea makanisa hutajwa kwa jina moja tu, au hawatajwi kabisa. Hata mchungaji W. H. During, Mwafrika aliyetoka Sierra Leone kuja kuhudumu pwani yetu, ni wangapi kati ya washirika wetu waliowahi kusikia habari zake?

Majina ya watu wetu yamo katika madaftari ya ubatizo na ya ndoa, katika kumbukumbu za mikutano ya viongozi, na katika vitabu vya hesabu vya vikundi vya akina mama. Tena, tangu kanisa letu lilipopata kujitawala mwaka 1967, hatukuwa tena na sababu ya kupeleka taarifa ya kila jambo London. Kwa hiyo sehemu kubwa ya historia ya miaka hiyo, ambayo ndiyo miaka yetu wenyewe, haina nakala ng'ambo. Ikiozea kabatini, imekwisha.

Ombi langu la kwanza ni waraka kutoka ofisini mwako kwenda kwa kila sinodi na kila sakiti (kundi la makanisa ya mahali), unaokataza kutupa, kuchoma au kuuza daftari lolote la kanisa kabla halijakaguliwa. Naliweka mbele kwa sababu halina gharama, na kwa sababu nimewahi kuona kumbukumbu za mikutano zikitumiwa kuwasha jiko siku ya kusafisha stoo.

Pili, naomba mkusanyiko maalumu wa historia ya kanisa uanzishwe katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Methodist cha Kenya kule Meru, nakala za kidijitali zisomwe katika kampasi yake ya Nairobi, na nakala nyingine ziwekwe katika Nyaraka za Taifa, Barabara ya Moi. Jengo hilo ndilo linalotunza vitabu na sanaa alivyokusanya Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Kenya, na mtu wa kawaida huingia pale akaviona. Chumba kikavu, rafu zilizoinuliwa sakafuni, maboksi yasiyo na asidi, na mkono mwangalifu wa kuondoa pini zenye kutu vinatosha kuanzia. Kazi nzito ni kuorodhesha, kwa kuwa inahitaji wanaosoma Kimeru, Kigiriama na Kipokomo pamoja na Kiswahili na Kiingereza, na mwandiko wa zamani juu yake. Walimu wastaafu wa aina hiyo wamejaa makanisani mwetu; wengi wangekuja wakiitwa.

Najua wapo watakaohofia siri za watu, na hofu hiyo ni ya haki. Kumbukumbu za nidhamu na za mashauri ya ndoa zifungwe kwa miaka itakayokubaliwa, kwa kufuata Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Mengine yote yafunguliwe, ili kijana wa Kariokor anayemtafuta babu yake asilazimike kuomba ruhusa kwa mwenye ufunguo wa kabati.

Baba Askofu, niko tayari kujitolea bila malipo, nikianza na kanisa lile nililolitembelea. Daftari lile linahitaji kukaushwa polepole kwenye hewa inayotembea, bila kulazimisha kurasa kuachana, kisha lipigwe picha ukurasa kwa ukurasa. Naomba tulitoe pale kabla ya mvua za vuli, maana dirisha bado halijatengenezwa.

Wako katika Kristo,
Mshirika wa Kanisa la Methodist, Nairobi