Barua ya wazi kwa Waziri wa Maliasili na Utalii: Tuwasimulie watoto Bagamoyo

Mheshimiwa Waziri,

Salaam nyingi. Mimi ni mama wa watoto wawili na ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Dar es Salaam. Nakuandikia kwa jambo moja. Naomba Bagamoyo isimuliwe kwa watoto wetu, kwa Kiswahili, kwa ufundi uleule anaopewa mgeni aliyevuka bahari kuja kuiona.

Likizo ya Desemba tulikwenda huko siku tatu. Tulikuwa watano: mimi na mume wangu, binti yetu wa miaka 10, mdogo wake wa miaka 6, na mama mkwe wangu ambaye nyumba nzima tunamwita Bibi. Safari yenyewe ni fupi. Ukishapita Tegeta, Bunju, Mapinga na Zinga umefika, kilomita kama 70 tu. Tulikuwa tumeweka akiba tangu Agosti, na watoto walikuwa wanahesabu siku.

Tulipofika tulipofikia, sitapataja, nilimwuliza kijana wa mapokezi watoto wataona nini zaidi ya bahari. Akanijibu kwa adabu kabisa: "Mama, kule kwenye magofu watoto watachoka bure. Waache wacheze mchangani." Hakuwa na nia mbaya. Ndivyo tulivyozoea wengi wetu: bahari ni ya watoto, historia ni ya wazungu na ya wanafunzi waliopelekwa na basi la shule.

Bahari kweli waliifaidi. Maji yakikupwa Bagamoyo yanakwenda mbali, mchanga unabaki na mikunjo midogo midogo kama shuka iliyolaliwa, na watoto wanaweza kukimbiza kaa asubuhi nzima bila mzazi kushika roho. Bibi alikaa kwenye kivuli cha ngalawa iliyopandishwa pwani, akawa anawauliza wavuvi habari za pweza. Lakini kufika saa 4 jua lilishakuwa kali, na mwanangu wa kiume alishaanza kuuliza, "Sasa tunafanya nini?" Swali hilo kila mzazi aliyewahi kwenda ufukweni analijua. Basi kesho yake tukadamka mapema, tukaenda Kaole.

Kaole iko kama kilomita 5 kusini mwa mji. Pana magofu ya misikiti miwili na makaburi ya kale, na mji wenyewe asili yake inarudi hadi karne ya 13. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Binti yangu alisimama mbele ya kaburi lenye nguzo, akachungulia juu, kisha akaoneshwa mahali palipokuwa pamepachikwa bakuli za kauri kutoka China. Akaniuliza, "Mama, nani kazichukua?" Nikamwambia zilitolewa zikahifadhiwe. Hakuridhika. "Sasa zilifikaje huku kutoka China?"

Mheshimiwa, hapo nilikaa chini. Nilimchorea mchangani Uchina, India, Arabuni na pwani yetu, nikamweleza kaskazi inavyovuma ikaleta majahazi kwetu, na kusi inavyoyarudisha. Nilimwonesha mikoko iliyosimama pale ilipokuwa bandari, nikamwambia bahari ilikuwa inafika karibu hapa, mikoko ikaota, tope likajaa, vyombo vikakosa njia. Kwa dakika kama 20 mtoto wa miaka 10 alinisikiliza kuliko anavyonisikiliza siku yoyote nyumbani. Darasani nimefundisha upepo wa msimu mara nyingi kwa chaki na ubao. Sijawahi kuona macho yale.

Mdogo wake mambo ya China hayakumgusa. Yeye alipata mbuyu. Wenyeji husimulia kwamba ukiuzunguka mbuyu ule unajiongezea umri. Akauzunguka mara mbili mbio, akasimama kupumua, kisha akaanza tena. Nikamwambia inatosha. Akasema, "Hii ya tatu ni ya Bibi." Bibi alifuta macho kwa ncha ya khanga, akajifanya ni vumbi.

Sasa nikueleze kilichonifanya nishike kalamu. Katika kituo kimoja tulichopita siku hiyo, ambacho sitakitaja, tulikuta kijana anawaongoza wageni wawili. Alikuwa anawasimulia kwa Kiingereza, kwa mikono na kwa sauti, anashuka na kupanda, unaona kabisa ameipenda kazi yake. Tukasubiri zamu yetu. Alipotufikia alimwamkia Bibi vizuri, shikamoo bibi, karibuni sana, kisha akatupitisha pale kote kwa dakika kama 10. "Hapa ni kadhaa, pale ni kadhaa, ilijengwa mwaka fulani." Nilipomwomba awaeleze watoto kidogo, alisita, akaniambia ukweli: "Mama, mimi maelezo nimejifunza kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili sijayapanga."

Simlaumu. Alijipanga kwa ajili ya wateja anaowaona. Lakini fikiria, Mheshimiwa: Mtanzania, katika mji wa pwani uliokizungumza Kiswahili kabla ya ramani ya nchi yetu kuchorwa, anakosa maneno ya kumweleza mtoto wa Kitanzania kilichotokea hapo. Bibi aliniuliza njiani tukirudi, "Kwani hadithi hii ni ya nani?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Jioni ile tulipita misheni ya Wakatoliki, iliyoanzishwa mwaka 1868 na mapadre wa Roho Mtakatifu. Pale napo pana mbuyu, na ndani ya mbuyu pana mnyororo. Inasimuliwa kwamba bibi mmoja Mfaransa aliyekuwa akihudumia wagonjwa alikuwa akimfunga punda wake hapo, mti ukaendelea kunenepa hadi ukaumeza mnyororo, na leo kinaonekana kipande kidogo tu. Mwanangu alikishika kwa vidole viwili akavuta, akavuta tena. Alitaka kujua punda alikwenda wapi. Kwa mtoto wa miaka 6 hiyo ndiyo historia, na ni mwanzo mzuri kabisa. Mwenye kumjibu swali la punda ndiye atakayesikilizwa akija kusema mengine mazito.

Na mazito yapo. Hatua chache tu kutoka hapo ni mnara uliobaki wa kanisa la mwaka 1872. Watu wanauita Mnara wa Livingstone, kwa sababu Februari 1874 mwili wa David Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi kutoka Uskoti, ulilazwa hapo usiku mmoja kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar na kisha Uingereza. Binti yangu alisoma jina, akauliza swali ambalo nadhani kila mtoto angeuliza: "Alikufa hapa?" Nikamwambia hapana, alikufa mbali sana, kijijini kwa Chitambo, ambako leo ni Zambia, Mei 1873. "Sasa nani alimleta?"

Waliomleta wana majina. Ni Abdullah Susi na James Chuma, wahudumu wake wa safarini, na wenzao akina Jacob Wainwright, aliyejua kusoma na kuandika. Katika msafara ule alikuwamo pia Halima, aliyekuwa mpishi. Walizika moyo wa Livingstone chini ya mti, wakakausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga kama mtumba wa bidhaa ili wasizuiwe njiani, wakatembea nao zaidi ya kilomita 1,500 hadi pwani. Walipofika Unyanyembe, karibu na Tabora, walikutana na Mwingereza, Cameron, akawashauri wauzike mwili hukohuko. Wakakataa. Walikuwa wameazimia kumfikisha pwani, na walimfikisha.

Nilipomaliza, binti yangu alirudia majina yale taratibu, kama anayehesabu: Susi, Chuma, Halima. Usiku alimpigia simu binamu yake na kumsimulia yote, na mnara hakuuita wa Livingstone. Aliuita mnara wa Susi na Chuma. Sikumsahihisha.

Najua kuna wazazi watakaosema habari za utumwa na misafara hazifai kwa watoto walio likizoni. Nami nilikuwa na hofu hiyo. Bagamoyo ni mahali ambapo meno ya tembo na watu walifikishwa kutoka bara, na jina lenyewe la mji husimuliwa kwa namna mbili: mpagazi aliyefika pwani akautua mzigo na kuubwaga moyo, apumzike, na aliyetekwa aliyeiona bahari akaubwaga moyo kwa kukata tamaa. Mwanangu aliponiuliza kama watu walifungwa kama mbuzi, nilimwambia ndiyo, na kwamba lilikuwa kosa kubwa, na kwamba wapo waliotoroka na wapo waliokombolewa wakaishi hapohapo misheni. Akakaa kimya kidogo, akashika mkono wa baba yake. Baada ya muda akaomba dafu. Mtoto anaweza kuubeba ukweli ukipimwa kwa kipimo chake, akiwa na mtu wake karibu, na bahari ikimsubiri pale chini. Ndiyo maana naona ufukwe na historia vinafaa kwenda pamoja. Kilicho kizito asubuhi kinapoozwa na maji mchana.

Kwa hiyo ombi langu, Mheshimiwa, si la fedha nyingi. Waongozaji wa Bagamoyo wapewe mafunzo ya kusimulia kwa Kiswahili, na hasa kusimulia kwa watoto. Walimu wa kuwafundisha wapo mjini humohumo: pale pana chuo cha sanaa kilichoanza mwaka 1981, kinachofundisha watu kuigiza, kupiga ngoma na kushika hadhira. Kijana aliyefundwa pale anaweza kusimama Kaole akawa nahodha wa jahazi, na watoto 40 wakamsikiliza bila kuchezacheza. Siku za likizo kukiwa na ngoma au mchezo mfupi wa safari ya Susi na Chuma pale Mji Mkongwe wa Bagamoyo, jioni jua likishapoa, nakuhakikishia familia zitatoka ufukweni zenyewe.

Na vibao viandikwe Kiswahili cha kusomeka na mtoto wa darasa la nne. Viwekwe kimo cha mtoto. Mwanangu alikuwa akibebwa kila mara ili aone maandishi ambayo hata hivyo alikuwa hayaelewi.

Kuna madogo ambayo mama ndiye huyaona. Bibi anahitaji benchi kivulini, kwa sababu bibi akichoka safari nzima imekwisha. Choo safi na maji ya kunywa viwe karibu na mahali panapotembelewa. Kiingilio cha familia kiwe kimoja, kieleweke, kibandikwe mlangoni. Na la bahari lisisahaulike: tulipotaka kuwapandisha watoto ngalawa, mvuvi alikuwa na majaketi ya kujiokolea ya watu wazima peke yake. Alimvisha mwanangu moja, likamfika magotini na mabega yakachomoka. Nikakataa. Mtoto alilia hadi tunalala, na mvuvi alipoteza wateja watano. Wavuvi wakisaidiwa kupata ya watoto, hata kwa kukopeshwa na vyama vyao, kipato chao kitaongezeka na sisi tutakuwa na amani.

Nchi yetu ina mbuga zinazojulikana duniani, nami nazipenda. Lakini kwa mshahara wa mwalimu, familia yangu haitafika Serengeti mwaka huu wala ujao. Bagamoyo tunafika, tena kwa basi. Kwa wengi wetu hapo ndipo utalii wa ndani unapoweza kuanzia.

Likizo ya Juni tunarudi. Binti yangu ameshaanza kumwandikia yule kijana mwongozaji maelezo ya Kaole kwa Kiswahili katika daftari la mistari. Amefika ukurasa wa nne, na amenikataza kulisoma mpaka alimalize.

Wako katika kujenga taifa,

Mama wa watoto wawili na mwalimu wa shule ya msingi,
Dar es Salaam