Barua kwa watoto na wajukuu wa mzee wa baiskeli, Tororo, Uganda

Wanangu, na ninyi wajukuu zangu,

Poleni tena. Tangu tumlaze baba yenu, kile kijitabu mlichochapa kwa ajili ya ibada kiko hapa mezani kwangu. Picha zake ni nzuri. Kiingereza changu ni kidogo, kwa hiyo nilimwomba mjukuu wangu anisomee, akanieleza mstari kwa mstari. Alipomaliza nikamuuliza, "Huyu anayesemwa humu ni nani?"

Siwalaumu. Mliandika usiku mmoja, mna msiba, macho yamevimba. Lakini siku ya kuondoa matanga inakaribia na watu watakusanyika tena. Mimi niliyemwita ndugu kwa miaka yote hii nawaomba jambo moja: safari hii mkumbukeni yeye mwenyewe, tena mmkumbuke kwa Kiswahili.

Kijitabu kinasema alifanya kazi reli. Basi. Wanangu, Tororo ndipo reli inapogawanyika, moja ikielekea Jinja na Kampala, nyingine ikipanda Mbale na Soroti hadi kaskazini. Kazi ya baba yenu ilikuwa kubadili njia. Usiku wa mvua alisimama pale, taa mkononi, akingoja gari la mizigo lililotoka Mombasa. Njia ikikaa vibaya, mabehewa yanalala na watu wanakufa. Ndiyo maana alikuwa mkali kuhusu saa. Mlichelewa dakika tano kutoka kisimani, mkasimamishwa mlangoni, mkadhani hawapendi. Mwili wake ulikuwa umezoea kwamba dakika tano ni roho za watu.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, reli yetu ilikatwa vipande vitatu, kila nchi na chake. Watu tuliokula nao sahani moja wakafunga mizigo wakarudi kwao Kisumu na Tabora. Sisi tuliobaki, mshahara haukutosha sukari. Baba yenu alinyamaza miezi mingi. Sijawahi kuona mtu akinyamaza vile. Kisha siku moja nikamkuta chini ya mwembe na beseni la maji, pampu na kopo la solusheni, anaziba pancha.

Enzi hizo vijana wa mpakani walikuwa wakibeba abiria kwa baiskeli kutoka boda hadi boda, na jina la boda boda limetokea huko. Wengi walipita kwake. Alinyoosha rimu, alikaza spoki, na asiye na pesa aliacha mayai mawili au aliondoka na ahadi tu. Hakuandika madeni. Nilimgombeza sana kwa hilo, na bado naona nilikuwa na haki, maana ninyi mlilala njaa siku nyingine ili mtoto wa mwenzake apate tairi.

Sasa lugha. Najua kwa nini baadhi yenu mnaona haya. Wakati wa Amin, askari wa vizuizini waliwauliza watu kwa Kiswahili, wakawapora kwa Kiswahili, wakawapiga kwa Kiswahili. Nyumba nyingi za Uganda zilikifungia mlango, nami siwashangai waliofanya hivyo. Baba yenu alikataa. Alisema lugha hii ilikuwa yetu kabla askari hawajaishika. Pale kwenye nyumba za reli tulikaa ukuta kwa ukuta, Mteso, Mjapadhola, Mluo, Mnubi na Mhindi, na hakuna mwenzio aliyeijua lugha ya mama yako. Yeye Mjapadhola, mama yenu Mteso. Unadhani alimposa kwa lugha gani? Bila Kiswahili hamngekuwepo, na katika kijitabu kizima hakuna hata "karibu" moja.

Mwaka 2022 serikali ilipotangaza kwamba Kiswahili kitafundishwa kwa lazima shule za msingi na sekondari, alisikia redioni akaja kwangu kwa miguu, jua kali, kuniambia. Alifurahi kama mtu aliyerudishiwa ng'ombe wake.

Msimfanye malaika. Binti yake mkubwa ameniruhusu niseme hili: alipoolewa bila idhini, baba yake hakumtamkia neno miaka miwili. Nilimwendea mara tatu, mara tatu akanigeuzia mgongo. Aliposikia amejifungua, akaondoka alfajiri kwa baiskeli hadi Malaba mpakani, mkungu wa ndizi umefungwa nyuma, akaketi uani kwa binti yake hadi magharibi asijue aanze vipi. Mwishowe akaomba maji. Akapewa. Kisha akasema, "Nilikosa, mama." Simulizi hiyo ina baba yenu ndani yake kuliko sifa zote zilizochapwa.

Basi siku hiyo waachieni wazee wa baiskeli waseme, hata wakirudia maneno. Simu zenu zinarekodi, zitumieni, maana tumebaki wachache. Ugomvi wa nani achukue kiwanja cha kibanda chake cha baiskeli uwekwe kando hadi wageni waondoke.

Nitafika asubuhi na mapema. Niwekeeni kiti chini ya mwembe. Na yule mjukuu mdogo aliyeniuliza siku ya mazishi kwa nini babu alificha chini ya kitanda taa yenye kioo chekundu na cha kijani, mwambieni ailete, aketi karibu nami.

Mzee wenu,
rafiki wa baba yenu