Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Maktaba na Wanafunzi wa Mwaka wa Kwanza

Ndugu wanachama,

Nawasalimu wote, nyinyi wa Kasapa, kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na wa taasisi za mjini Lubumbashi, pamoja na wenzetu waliotoka Likasi na Kolwezi. Hesabu za michango atazisoma mweka hazina. Mimi nitakaa kwenye kazi iliyotuchukua mwaka mzima: namna ya kuwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kutumia maktaba wakati wanajifunza kuandika.

Mnajua tulikotoka. Wiki ya kwanza ya masomo, promosyo nzima, yaani wanafunzi wote wa mwaka huo, inaletwa maktabani. Mkutubi anasimama mbele ya rafu, anaeleza mpango wa Dewey wa kupanga vitabu kwa namba, kuanzia 000 hadi 999, na wa nyuma hawasikii. Kazi ya kwanza ya kuandika inapotolewa, miezi imepita na hakuna anayekumbuka kitu. Siwalaumu vijana. Tuliwapa majibu kabla hawajawa na swali.

Mwaka huu tulikubaliana kwamba kipindi cha maktaba kije baada ya mada kutolewa, na mkutubi akae na mwalimu wa kozi kabla silabusi haijachapishwa. Hapo ndipo jasho lilipotutoka. Baadhi ya walimu waliona tunawaibia saa zao. Mfumo wa LMD (Licence-Master-Doctorat, wa ngazi tatu za shahada), ulioanza nchini mwaka wa masomo 2021-2022, ulitusaidia sana, kwa sababu unahesabu pia saa ambazo mwanafunzi anafanya kazi mwenyewe. Kipindi chetu kiliingia humo, tena kwa alama. Bila alama, tusidanganyane, viti vinabaki vitupu.

Nilihudhuria kipindi kimoja ambacho mada ilikuwa madini na afya ya watu. Binti mmoja aliandika kwenye katalogi, yaani orodha ya vitabu na makala za maktaba, swali zima la mwalimu, hadi alama ya kuuliza. Hakupata kitu. Mkutubi akampa karatasi, akamwambia aigawe sehemu tatu: jambo, watu, mahali. Chini ya jambo wanafunzi wakaandika kobalti, vumbi, metali. Chini ya watu, wachimbaji, watoto, wajawazito. Mahali ndipo palipoleta mjadala. Mkoa wa Katanga uligawanywa mikoa minne mwaka 2015, kwa hiyo anayetafuta “Haut-Katanga” au “Lualaba” peke yake anakosa mengi yaliyoandikwa kabla ya hapo. Kisha kila neno likaandikwa kwa Kifaransa na kwa Kiingereza.

Wakafika kwenye makala ya 2009 kuhusu kobalti katika miili ya watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Mngeona nyuso zao walipokuta Chuo Kikuu cha Lubumbashi kwenye anwani za waandishi, pamoja na Leuven ya Ubelgiji! Kutoka hapo wakafuata ya 2018 juu ya mtaa wa Kasulo, Kolwezi, halafu ya 2020 juu ya watoto wanaozaliwa na kasoro hapa Lubumbashi. Waliona kwamba watafiti wanaitikiana, mmoja akianzia alipoishia mwenzake, na kwamba insha yao nayo inaweza kuingia katika mazungumzo hayo. Mwongozo wa wakutubi wa vyuo wa Marekani, ACRL, uliopitishwa mwaka 2016, unalitaja jambo hili kati ya mihimili yake sita. Kwa maoni yangu, kwa mtu anayejifunza kuandika huo ndio wa kwanza.

Jambo jingine linanitia wasiwasi. Wanafunzi wanaleta rejea walizopewa na programu za akili bandia: jarida lipo, mwandishi yupo, makala haipo. Tumeweka zoezi la kuhakiki kila rejea, kwa katalogi au kwa namba ya DOI inayotambulisha kila makala mtandaoni, kabla kazi haijapokelewa. Asistenti, walimu wasaidizi, wasilione kuwa adhabu. Ni sehemu ya somo.

Kuhusu umeme na mega za intaneti, hali mnaijua. Makala za kila kipindi sasa zinapakuliwa mapema kwenye kompyuta moja, na Zotero, programu ya kutunza marejeo, inafanya kazi hata intaneti ikikatika. Taasisi ambazo hazijajiandikisha kwenye mpango wa majarida wa Research4Life naziomba zifanye hivyo. Majarida mengi yanapatikana humo bila malipo kwa nchi yetu.

Kuna wanachama wanaopendekeza tuwape wanafunzi jaribio mwishoni mwa kipindi. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Mwanafunzi anaweza kueleza vizuri katalogi ni nini, kisha akajaza insha yake nukuu zisizo na chanzo. Tusome orodha za marejeo kwenye insha zenyewe, mwalimu na mkutubi pamoja, na tuamue humo kilichoshikwa na cha kurudia.

Kwa mwaka ujao, kila mwalimu wa uandishi amkabidhi mkutubi wake mada kabla ya kufungua kozi. Wenzetu wa Kolwezi wameomba mafunzo ya Zotero; kamati inahitaji wawili wa kujitolea, na majina yapokelewe leo kwa katibu.